Barua kwa mdogo wangu wa Texas: ile klipu ya mama ishushe

Mdogo wangu,

Nimekupigia hupokei. Nimekuandikia WhatsApp tiki zimegeuka bluu ukanyamaza, grupu la familia ulishatoka tangu ule ugomvi wa shangazi, sasa nimeamua nije huku maana najua huku unapita, watu wananiambia dada mbona mdogo wako kalike kitu chako. Haya, pita na hapa.

Siku ya akina mama umeipandisha tena ile klipu. Ileile. Mama kakaa chini kule juu Pikes Peak, mlima wa huku Colorado, kitenge kimemwangukia usoni, mdomo wazi anatafuta pumzi, na wewe umeandika kwa njano MCHAGA KASHINDWA NA MLIMA WA WAZUNGU na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi, na hilo bongofleva lako umelipandisha sauti mpaka mama mwenyewe hasikiki. Watu wamecheka. Kuna mmoja kaandika "bibi kazima data". Mdogo wangu, huyo bibi tumeshamzika.

Nianze na mazuri yako usije ukasema sina shukrani. Siku ile ulilipa wewe, tiketi zote mpaka za wanangu, na mliendesha usiku kucha na wifi kutoka huko kwenu mkafika kwangu Aurora macho mekundu, ukamkuta mama anaosha chupa za mtoto ukamnyanyua juu juu palepale jikoni akakuchapa na kitambaa. Wazo lilikuwa lako. Mi nilikuwa nimeshazoea mama kukaa ndani na mtoto, natoka kazini narudi kalala, nasema baridi ikiisha ntampeleka mahali, na baridi ya Colorado unaijua. Ukasema haiwezekani mtu azaliwe Marangu, aolewe na mpagazi, azeeke anaitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kila asubuhi akienda kukata majani ya ng'ombe, halafu afe hajafika juu ya mlima wowote. Na treni ipo! Nilikuunga mkono, hilo ulikumbuke unapowasimulia watu.

Na mama alivyojibu: baba yenu alipanda kwa miguu na mzigo wa watu kichwani, mimi napanda nimekaa, sasa hapo mjanja nani.

Pale stesheni Manitou Springs alikuwa na furaha sijawahi kumuona nayo tangu baba afariki. Treni nyekundu, madirisha makubwa hadi juu, akataka kwanza aone hilo gurudumu la meno ukamwinamisha ukamwonyesha ile reli ya tatu ya katikati inavyong'atwa na meno ili treni isirudi nyuma, akasema kumbe ni akili tu. Halafu yule konda akasimulia habari za Zalmon Simmons, yule tajiri wa magodoro, kwamba alipanda mlima ule kwa nyumbu akarudi hawezi kukaa ndio akaamua kutoa hela ijengwe reli, na mwaka 1891 treni ikaanza kupeleka abiria mpaka kileleni. Ukamtafsiria mama ukatia na chumvi yako, mama akauliza, kwa hiyo reli yote hii ni kwa ajili ya makalio ya mtu mmoja? Behewa zima likageuka kuangalia Waswahili wanacheka nini. Shemeji yako naye na mambo yake ya historia akadakia kwamba kampuni ya reli ile ilianzishwa 1889, mwaka uleule Hans Meyer alipofika kilele cha Kilimanjaro, na mzee Lauwo wa kwetu ndiye tunayeambiwa alimwongoza. Mama akasema basi wenzetu walijengewa treni, Lauwo akabaki na miguu yake. Yani alikuwa sawa kabisa. Kichwa kinafanya kazi, hana shida yoyote.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hiyo ndio umeifanya fimbo ya kunipigia.

Treni ile haina choo. Waliandika kabisa. Mama alikuwa anakunywa dawa ya presha ile ya kukojoza, unaijua, ukinywa saa mbili mpaka saa nne hutoki chooni, na kupanda tu ni saa nzima na dakika zake, hapo hujahesabu kushuka. Nikamwambia mama hiyo moja iache, utakunywa tukishuka. Wewe ulikuwepo umekaa kwenye kochi unakunywa chai yangu, hukusema kitu. Sasa ulivyompigia shangazi ukamwambia mama alizidiwa kule juu kwa sababu dada alimzuia dawa, ulitaka nifanye nini? Mtu mzima yule ajikojolee mbele ya Wazungu na wajukuu zake, na kamera yako ikiwepo? Dawa ya asubuhi ikanywewa jioni. Mi siamini kama hiyo ndiyo iliyomwangusha, na mtu yeyote mwenye mzazi wa presha anayesoma hapa anajua kuzilea hizo dawa kunavyokwenda, kila siku unapima hiki na kile.

Kilichomzidi mama ni mlima, na wewe mtoto wa mpagazi ndio wa kwanza ulitakiwa ujue. Baba alikuwa analala na wageni kwenye kambi za Kilimanjaro, leo Mandara, kesho yake Horombo, kesho kutwa ndio Kibo Hut, na njia nzima anawaambia pole pole, na bado wengine walishushwa kwa machela wanatapika. Horombo iko mita 3,720, Kibo Hut 4,720. Pikes Peak ni mita 4,302, yani ni katikati hapo. Baba kufika urefu huo ilikuwa siku ya tatu, sisi tumemtoa mama chini kwenye mita kama 2,000 tukamfikisha kwa muda wa kupika maharage. Juu kule ukivuta pumzi oksijeni unayopata ni kama asilimia 60 ya ile ya Dar. Hata wanangu waliumwa vichwa, wifi alikaa ndani kimya, wewe mwenyewe midomo ilikuwa ya bluu ila ulijikaza kwa sababu ya kamera.

Na hiyo kashindwa, kashindwa, jamani. Mlima wenyewe una jina la Zebulon Pike, mwanajeshi aliyejaribu kuupanda mwaka 1806 theluji ikamrudisha, hakufika juu mpaka anakufa. Mama alifika. Andika hiyo kwa njano.

Nirudi pale juu. Mliniachia watoto, mi nikaenda kwenye foleni ya donati, maana ndio sifa ya pale, zinakaangwa kileleni kabisa, na watoto walishaniimbia donati tangu chini. Tulikuwa na dakika kama arobaini hivi kabla treni haijageuka. Foleni ndefu. Nilimwacha mama mkononi mwako. Mkononi mwako, mdogo wangu. Natoka na mfuko wa donati na upepo ule unakata masikio, nakuona umesimama, simu juu, unazunguka, unarudi nyuma ili upate na mabonde, na mama yuko chini kwenye mawe. Nasikia unasema mama sema kitu kwa watu wa Bongo, mama salimia. Na mama akanyanyua mkono.

Kwenye klipu watu wote wanadhani anapunga. Komenti zimejaa, "anatupungia jamani", "bibi mcheshi". Mimi niliuona ule mkono kutoka upande wa pili. Kiganja kilikuwa juu na vidole vinafunga na kufungua, vinafunga na kufungua, vile alivyokuwa anafanya kwenye ngazi za kanisani akitaka mmoja wetu amshike. Na wewe ulikuwa umbali wa hatua mbili. Hukuona kwa sababu ulikuwa unamwangalia kwenye simu badala ya kumwangalia yeye. Nikaangusha donati nikamnyanyua mimi, na kwenye klipu hapo ndipo umekata, mkono wangu umeingia kidogo pembeni, sweta ya kijani, basi. Watu hawajui hata kama kuna mtu alikuja.

Halafu ukaniambia dada umeharibu shoti. Ulisema kwa utani, najua, wifi pia aliniambia alikuwa anatania. Mi sikucheka na bado sicheki.

Tuliposhuka mpaka kwenye miti akaanza kuongea, tukafika chini akaomba chai, akala na donati iliyobaki, ikawa imesinyaa. Nakubali. Na wewe ulimbeba mgongoni kutoka stesheni hadi kwenye gari, mgongoni kabisa, watu wakapisha njia, na mama anakupiga kofi kichwani anasema kimbia wewe punda. Hilo nalo ungelipost. Hilo nani kakukataza?

Najua jibu lako, umeshanijibu mara ngapi. Kwamba mama mwenyewe aliipenda ile klipu. Kwamba aliporudi Marangu kila mgeni akija anaambiwa subiri nikuonyeshe nilivyopanda treni mlimani, na binti wa kazi ndio alikuwa anamtafutia kwenye simu. Ni kweli. Mpaka kuna siku wamekaa wanabishana habari za kebo ile ya kubebea watalii Kilimanjaro ambayo serikali iliizungumzia 2019 na wapagazi wakaipinga, na mama kwa heshima ya baba siku zote alikuwa upande wa wapagazi, siku hiyo akasema waiweke tu, magoti yameisha, mtoto wangu alishanipandisha wa Marekani. Mtoto wangu, yani wewe. Mi niliyekaa naye miezi ile yote, nampikia mtori wa ndizi za kuchemka za dukani kwa Wahindi, nampeleka hospitali, sikutajwa.

Lakini mama ndivyo alivyokuwa, anamfichia mtoto wake aibu, na kitinda mimba ndio kabisa. Uliunguza banda la kuku akasema ni radi. Sasa akicheka kwenye klipu hiyo si ruhusa.

Msibani hukuja, na sababu yake tunaijua sisi, sitaiandika hapa, watu wasiniulize. Sikulaumu kwa hilo, nimewazuia wengi mdomo. Nilikushikia simu mimi kuanzia ibada mpaka jeneza linashuka mpaka maua, mkono umekufa ganzi shangazi ananiambia shusha simu mwanangu huu ni msiba, nikakataa, nikasema mdogo wangu anaangalia. Wakati wa chakula vijana wa ukoo wakaanza kurushiana ile klipu yako. Walicheka. Walicheka na machozi, wengine walisema ndio mama tunayemjua huyo, na mimi nilikuwa nasimamia sufuria za pilau nikaona bora niingie ndani. Usije ukadhani nina roho mbaya. Nilikuwa nimechoka, sijalala, kila kitu kinaulizwa kwangu, mahema kwangu, mchungaji kwangu, na wewe uliye kitinda mimba, ambaye kwa mila nyumba ya mama na kihamba, lile shamba la ukoo, ni vyako, uko kwenye simu mwekundu macho unaniambia dada sogeza kidogo kulia sioni.

Na usiseme na mimi sasa hivi naanika mambo ya mama hadharani. Hapa hakuna picha yake, hakuna jina lake, na mimi nimeandika ili watu walioiona klipu yako wajue kulikuwa na mtu pale aliyenyanyuka na kumshika. Ni tofauti kabisa.

Sasa nakuomba vitu, na ninaomba kwa upendo kwa kuwa wewe ndio mtu uliyebaki wa kuniambia dada acha nikikosea.

Ishushe hiyo. Kama hutaki kuishusha toa basi yale maandishi ya njano.

Na ile ndefu, ambayo hujaikata, najua bado unayo kwa sababu wewe hufuti kitu, simu yako imejaa mpaka inagoma. Nitumie. Isiwe na muziki. Mama anaongea mle, mi nilikuwa mbali upepo ukanizidi lakini nilisikia aika, aika, yani asante, asante, halafu maneno mengine ya Kichaga marefu, na kila nikiiangalia hii yako naona midomo inaenda nasikia ngoma. Usitume kwa WhatsApp inaua sauti, weka Drive unipe linki, na shangazi naye mpe, anaijua Kichaga ya zamani kuliko sisi.

Halafu fundi wa marumaru ya kaburi ananipigia mimi kila siku kana kwamba mama alizaa mmoja. Nusu yangu nilishamtumia. Kasema hagusi simenti mpaka aone ya kwako, na mvua za vuli haziko mbali, kwa hiyo ongea naye wewe mwenyewe, namba unayo.

Dada yako