Mwanangu, anza na maji

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku Kibosho wote wazima, baba yako anakusalimu na anauliza kama nyumba ya Tengeru ina uzio.

Orodha yako ya vitu unavyotaka kufanya mwenyewe huko nimeisoma: sabuni, mtindi, jemu, mkate wa tanuri la udongo, bustani, kuku, mishumaa, nguo za kushona mwenyewe. Picha ulizotuma ni nzuri. Mtindo huo wa maisha ya shamba, gauni jeupe na kikapu cha maua, ulipamba moto mitandaoni mwaka 2020, nchi nyingi zilipofungia watu ndani kwa ajili ya korona. Picha zake karibu zote ni za mwisho wa kazi: sabuni imeshakatwa, mkate umeshaiva. Vipimo havionekani. Basi mimi nakuandikia vipimo, maana kazi hizi za taratibu ndizo zisizotaka kukisia. Kosa la leo unakuja kuligundua baada ya wiki sita.

Kwanza kitu ambacho hukukiandika kabisa, maji. Tengeru iko chini ya Mlima Meru, na sehemu nyingi zinazouzunguka mlima huo, maji yake yana madini ya floraidi yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima vya wilaya yenu ya Arumeru vinavyopita hapo mara kadhaa. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Mjukuu wangu ana miaka mitatu. Meno yake ya utu uzima yanajengeka ndani ya fizi sasa hivi, na yakishatoka na madoa ya kahawia hakuna mswaki utakaoyatoa. Kwa sababu hiyohiyo acha magadi. Magadi ya huko huwa na floraidi nayo. Maharage ya makande yaloweke usiku kucha, mwaga maji yake, kisha pika kwa maji ya mvua. Yataiva, wala hutayakumbuka magadi.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inakupa lita 1. Hesabu nzima ni hiyo. Pima eneo ambalo paa linafunika ardhini, si urefu wa bati lenyewe lilivyolala. Paa la mita za mraba 60 na mvua ya milimita 25 ni lita 1,500; toa moja ya tano inayorukia nje na kupotea, zinabaki 1,200. Tangi la lita 5,000 linajaa mapema kabla masika haijaisha. Ukitumia lita 30 kwa siku kwa kunywa na kupika tu, linakufikisha siku 166, yaani kutoka mwanzo wa Juni hadi katikati ya Novemba, vuli ikiwa imeshaanza. Kufua na kumwagilia kuendelee na maji ya bomba.

Gata ziinamie upande wa tangi, sentimita 1 kwa kila mita 2. Fundi akizilaza sawasawa, maji yatasimama, majani ya mgrevilea yataoza humo na mbu watapata pa kutagia. Kabla ya maji kuingia kwenye tangi, weka bomba la kusimama lenye kifuniko cha kufungua chini, lipokee lita 30 za kwanza za kila mvua. Hayo ndiyo yaliyobeba vumbi la kiangazi chote na kinyesi cha ndege. Bila bomba hilo tangi linanuka ifikapo Agosti, na watu watalaumu tangi. Mdomo uzibwe kwa wavu wa mbu, mwanga usiingie, la sivyo ukijani utaota ndani. Koki iwe juu ya sakafu ya tangi kwa sentimita 10 ili tope litulie chini yake. Ya kunywa bado uyachemshe, kwa ajili ya vijidudu.

Sasa sabuni, maana najua ndiyo unayoitamani kuliko zote.

Usianze na kipimo cha vikombe. Nunua mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Sufuria zetu nyepesi za alumini zote ziondoe mezani. Kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inazila, inatoa povu na gesi inayoweza kushika moto. Tumia sufuria ya stenlesi na ndoo ya plastiki nene, na mwiko wa plastiki pia, kwa kuwa wa mbao unaliwa taratibu na kuacha nyuzi.

Kwa kilo moja ya mafuta chukua gramu 400 za mafuta ya nazi, gramu 400 za mafuta ya ng'ombe na gramu 200 za alizeti. Nazi ndiyo inayoleta povu, ya ng'ombe inaleta ugumu, alizeti inalainisha ngozi. Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki: gramu moja ya nazi inataka gramu 0.183, ya ng'ombe 0.140, ya alizeti 0.134. Zidisha, jumlisha, utapata kama gramu 156. Punguza asilimia 5 ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka sabuni, uishie na gramu 148. Maji gramu 300, ya mvua. Ukibadilisha mafuta piga hesabu upya. Mtu akikupa kipimo kimoja cha kostiki kwa mafuta yoyote yale, msikilize kwa heshima halafu usikifuate.

Mafuta ya ng'ombe muombe muuza nyama shahamu inayozunguka figo. Ikate vipande vidogo, chemsha kwa moto mdogo na maji kidogo na kijiko cha chumvi, chuja kwa kitambaa, acha igande. Uchafu unakaa chini ya donge, ukwangue.

Siku ya kazi vaa glavu, miwani na mikono mirefu. Kaa nje, upepo ukutoke mgongoni, mtoto awe kwa jirani. Maji yatangulie kwenye ndoo, kostiki ifuate kidogo kidogo huku unakoroga. Kamwe usimwagie maji juu ya kostiki, yanaruka kama volkano. Mchanganyiko utapanda joto wenyewe hadi karibu na kuchemka. Usiuinamie. Uache upoe hadi nyuzi 40 au 45, mafuta nayo yawe hapohapo, halafu mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta. Ikikurukia, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji mengi yanayotiririka, robo saa nzima. Habari ya kupaka siki iache.

Koroga, ukisimama kidogo na kuendelea. Kwa mwiko unaweza kufika saa moja. Kwa blenda ya mkono ni dakika chache. Kwanza yanafanana na chai ya maziwa nyepesi, na ukisimama unaona utando wa mafuta ukirudi juu. Baadaye utando haurudi. Kisha inua mwiko na udondoshe tone: likiacha mstari unaokaa juu kwa sekunde mbili tatu kabla ya kuzama, imeshika. Hapo mimina kwenye boksi ulilotandika plastiki, funika kwa blanketi.

Zipo alama za kudanganya. Asubuhi ya baridi ya Julai mafuta ya ng'ombe huganda yenyewe chini ya nyuzi 40, uji ukawa mzito, nawe ukadhani imeshika. Haijashika. Kesho utakuta mafuta juu na majimaji makali chini. Pasha taratibu, koroga tena. Unga mweupe juu ya kipande hauna shida, ukwangue. Ukikiramba kwa ncha ya ulimi baada ya wiki sita nacho kikachoma kama betri, kostiki ilizidi, usikiogee. Madoa ya rangi ya chungwa yenye harufu ya mafuta ya zamani yanatokana na alizeti kuchacha, ndiyo maana nikasema 200 na si zaidi.

Kata baada ya saa 24 hadi 48, panga kwenye chekeche vipande visigusane, subiri wiki sita. Juni hadi Agosti, kwa ukungu wa huko, fanya nane. Sabuni changa inaisha upesi bafuni. Na yale maua ya waridi uliyoyaona ndani ya kipande, ujue petali nyingi hugeuka kahawia zikikutana na kostiki. Wanaopiga picha wanaziweka juu mwishoni.

Mtindi ni mwepesi. Chemsha maziwa hata kama jirani anakuambia mabichi ndiyo matamu. Maziwa mabichi yanaweza kukuletea brusela au kifua kikuu. Yaache yapoe mpaka kidole safi kivumilie kuhesabu hadi kumi, tia vijiko viwili vya chakula vya mtindi usio na sukari kwa kila lita, funika vizuri, usiuguse kwa saa nane. Wakati wa baridi kumi na mbili. Ukitia mbegu, yaani huo mtindi, maziwa yakiwa ya moto unaiua, yanabaki maziwa. Ukikuta mapovu na utelezi, chombo kilikuwa kichafu, mwaga. Ukipenda kibuyu, Wamaasai husugua ndani yake kwa kijinga cha oloirien, ule mzeituni pori, na harufu ya moshi huo ndiyo utamu wenyewe.

Jemu tengeneza ya mapera, yanashika vizuri yenyewe. Chemsha vipande na maji yanayofunika tu kwa nusu saa, pitisha kwenye chujio mbegu zibaki, pima rojo. Kwa kilo moja ya rojo weka gramu 800 za sukari na maji ya ndimu mbili. Sasa sikia: vitabu vingi vinasema jemu huwa tayari ikifika nyuzi 104. Hiyo ni kwa watu wa pwani. Tengeru ipo kama mita 1,200 juu ya bahari, maji huko yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo jemu yako imeiva ikifika 100. Ukingoja 104 umepika tofi. Kama huna kipimajoto, dondoshea kwenye sahani iliyokaa kwenye friji, isukume kwa kidole. Ikijikunja ngozi, zima moto. Chupa uzichemshe, uzijaze zikiwa bado za moto. Anayepunguza sukari hadi nusu aiweke kwenye friji na aimalize haraka, itaota ukungu.

Bustani isikuchoshe. Matuta mawili ya mita 1 kwa 4 yanatosha nyumba yenu, kila mita ya mraba debe moja la samadi iliyokaa miezi mitatu. Samadi mbichi inaunguza mizizi na inakuletea magugu yote ya malisho. Mchicha changanya mbegu na mchanga, mwaga moja kwa moja. Wiki nne unachuma. Mnavu uoteshe kitaluni, uhamishe ukiwa na majani matano, sentimita 30 kati ya mche na mche. Ukimaliza kuvuna usipande mnavu palepale wala nyanya. Ni ukoo mmoja, wanarithishana maradhi.

Kuku usinunue kabla hujapata chanjo ya kideri, ugonjwa unaofyeka kuku. Tone moja jichoni, kila miezi mitatu, banda zima siku moja. Kuku watano bila chanjo ni msiba unaosubiri tarehe.

Tanuri la udongo ahirisha hadi Juni. Ukilijenga sasa masika italiyeyusha, na ukilikausha kwa moto mkubwa litapasuka. Kwa sasa oka mkate kwenye sufuria, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Ukigeuza uwiano huo unaunguza kitako na juu kunabaki kubichi. Mishumaa wala sikuandikii, umeme upo na nta ni ghali. Cherehani: kitenge kifue na ukikaushe kabla ya kukata, na uzi ukirukaruka badilisha sindano kwanza kabla ya kumwita fundi.

Jumatano ijayo soko la Tengeru likijaa, tafuta ndoo nene mbili na chujio. Kostiki usinunue ile iliyopimwa kwenye mifuko ya nailoni. Inavuta unyevu na nguvu yake inapungua, hesabu yote uliyopiga inaharibika. Chukua kopo lililofungwa. Mizani nimempa kaka yako, anapita huko Ijumaa jioni. Mpe chakula, atakuwa ametoka Himo tangu asubuhi.

Mama yako