Goma ya vioo vya bluu, na mawe yetu tuyafiche wapi?

Bwana Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandikia magazeti. Miaka yote hii nasomaka tu na kunyamaza, hata siku ile mulipoweka picha ya mtaa wa Himbi mukaandika chini yake Katindo, nilinyamaza. Lakini ile ripoti yenu juu ya sura mpya ya muji, yenye picha za maetaji, magorofa, ya vioo vya bluu, imenikera kabisa. Mwandishi wenu anashangilia eti sasa na sisi tunafanana na miji mikubwa. Ipi hiyo? Na nani alimwambia muji mkubwa lazima uvae miwani ya jua?

Mimi ni fundi masoni, kazi yangu ni mawe. Ukiwa Goma huendi mbali kuyatafuta, unachimba choo unayapata, unachimba msingi unayapata, kila fasi unayokanyaga volkano yetu Nyiragongo ilishapita zamani au jana. Mwandishi wenu sijui alikuwa wapi tarehe 17 Januari 2002, mimi nilikuwa hapa. Moto ulishuka ukapita katikati ya muji mpaka ndani ya ziwa, ukala kathedrali ya Saint-Joseph, ukapanda juu ya kiwanja cha ndege. Watu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka kule Rwanda, na kabla mawe hayajapoa vizuri walisharudi, wanatembea juu yake viatu vinanuka mpira wa kuungua. Kisha tukachukua nyundo. Yale mawe yaliyotuchomea nyumba ndiyo tuliyojengea nyumba. Kuna majengo pale mjini etaji ya chini ilizama moja kwa moja, ile ya juu njo ikakuwa ya chini, watu wakaingilia penye kulikuwaka dirisha. Sasa niambie, Bwana Mhariri, ni muji gani mwingine unaweza kusema hivyo juu ya ukuta wake? Hiyo ni sura. Tunayo tayari, nyeusi, ngumu, na joenti ya simenti inapita kati ya mawe vizuri mpaka mtu anasimama kuangalia.

Najua muji umekua haraka, sikatai. 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia huku kwa siku chache tu kupita laki nane, halafu vita zetu wenyewe, watu wakashuka kutoka Masisi na Rutshuru na godoro kichwani. Tuko wangapi hakuna anayejua, serikali ilihesabu watu mara ya mwisho 1984. Mama anayejenga kinyumba cha mbao kule Ndosho au Mugunga ili watoto wasinyeshewe, huyo simuulizi mambo ya uzuri, na atakayemuuliza hana haya. Naongelea wenye makuta, wenye pesa.

Sikilizeni yaliyonipata. Kuna bosi mmoja, jina naliacha, aliniita nimjengee ukuta wa parsele (kiwanja chake) na upande wa mbele wa nyumba, akasema anataka mawe. Nilifurahi. Nilichagua yale mazito yasiyo na matundu mengi, nikayachonga moja moja mimi na vijana wangu, kila jiwe linajua jirani yake, joenti nyembamba, na pembeni ya geti nikayapanga kwa mwinamo kwa sababu hapo njo macho ya mtu yanaangukia. Watu wa avenyu walikuwa wanapita wanasema aksanti fundi. Bosi akarudi kutoka safari, akaangalia, akaguna, akasema inaonekana kama nyumba ya masikini, mawe kila mtu anayo. Akaleta watu wengine wakapiga krepi juu ya ukuta wote, simenti juu ya kazi yangu, gunia baada ya gunia, simenti yenyewe munajua bei yake. Nikasema sawa, makuta ni yake. Lakini haikuishia hapo! Krepi ilipokauka akaleta kijana na pinso na rangi, na yule kijana akaanza KUCHORA MAWE juu ya ile krepi. Mawe ya rangi ya biskuti, na kivuli kidogo pembeni ili yaonekane yametokeza! Chini kuna mawe ya kweli ya volkano, katikati kuna simenti, juu kuna mawe ya uongo, na huyu mtu amelipa mara tatu ili ukuta wake ufanane na kitu kilichokuwepo pale tangu mwanzo. Nilipokwenda kudai baki ya makuta yangu akaniuliza kama nimeona namna nyumba imekuwa smati. Baki yenyewe mpaka leo naifuata. Nikipita avenyu ile nageuza uso upande wa pili kwa sababu nikiangalia nitatukana, na mimi ni mkristo.

Huyo njo ndugu wa wale wenye vioo, ugonjwa ni mmoja. Wanakimbia kitu chao. Na vile vioo mwandishi wenu aliviona upande wa barabara tu. Apite kwa nyuma! Nyuma ya maetaji mengi kuna mawe na matofali hata krepi hayakupata, machuma yanatokeza, matuyo ya maji yananing'inia. Tena hapa kwetu tuko juu, karibu mita 1,500, hewa ya ziwa inapita bure, unaweka mawe na madirisha ya kufungua unalala vizuri. Wao wanafunga kioo kisichofunguka, jua linaingia halitoki, halafu wanatafuta klimatizeri ya kupoza hewa, umeme ukikatika (na unakatika) wanawasha grupu (jenereta) na moshi wake tunakula sisi wa chini. Mei 2021, baada ya volkano ya tarehe 22, ardhi ilipokuwa inatetemeka usiku na mchana na mipasuko inakata barabara, mpaka serikali ikasema tutoke muji, nani alitaka kusimama chini ya kioo? Kuta za mawe pia zilianguka, nasema ukweli, zile za mafundi wanaoiba simenti na kujaza udongo katikati. Iliyojengwa vizuri bado imesimama, njooni niwaonyeshe.

Na bado sijagusa ziwa. Tuko pembeni ya Kivu, lakini jaribu kuliona. Unashuka avenyu unakuta ukuta, unazunguka unakuta geti, unazunguka tena unakuta mlinzi anakuuliza unatafuta nani. Natafuta maji, papa! Ukitaka kukaa unaingia hoteli na kununua soda kwa bei ya chakula cha nyumbani siku nzima. Siku ya mungu watu wa Goma wanapanga mstari mpakani Petite Barrière na jeto, karatasi ya kuvukia, mkononi waende Gisenyi, wakakae chini ya miti waangalie ziwa lilelile. Eti udongo wote wa nchi hii ni wa leta, yaani serikali, sheria ya 1973 inasema hivyo. Basi leta itufungulie hata fasi ya kuweka makalio. Tumeweka sanamu ya chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukumia mizigo, ya rangi ya dhahabu kwenye ronpoa, mzunguko wa barabara, vizuri sana, mgeni anapiga picha, lakini yule mwenye kusukuma chukudu ya mbao akichoka anakaa wapi?

Pendekezo langu ni hili, mulipeleke kwa meya kama munapelekaka. Komini ianze kukata taksi (kodi) kwa kila mita ya kioo cha bluu kinachoangalia barabara. Anayechora mawe juu ya mawe alipe mara mbili, na pinso ikamatwe. Ukuta wa mawe usiopakwa kitu usilipe hata franka. Makuta yatakayopatikana yanunue simenti, tujenge viti kumi vya mawe pembeni ya ziwa, fasi yoyote isiyokuwa na geti, vipana, virefu vya kutosha watu wanne. Mawe nitayachonga mimi na vijana wangu, hatutadai malipo ya mkono wetu. Simenti walete wao, na gunia zihesabiwe mbele yangu.

Fundi wa mawe, Majengo, Goma