Kodi ya nyumba inayogeuka akiba: barua kwa dada Korogwe

Columbus, Ohio

Dada mpendwa,

Shikamoo. Huku sote hatujambo, ila baridi tu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Umeuliza mashirika ya huku yanayosaidia kaya za kipato kidogo yanafanyaje hadi watu wasimame wenyewe, kwa kuwa kikundi chenu cha hisa kinaandika katiba upya na hamtaki kiishie kugawa unga na sabuni. Kwenye simu tungeishia nusu, ndiyo maana naandika. Unajua kazi yenyewe ndiyo ninayoshinda nayo kutwa, kwa hiyo nitakupa ya ndani.

Mashirika haya mengi yalizaliwa na sheria ya mwaka 1964, Rais Lyndon Johnson alipotangaza vita dhidi ya umaskini. Leo yapo kama elfu moja nchi nzima. Fedha za serikali kuu hupitia jimboni ndipo ziwafikie, nyingine huchangwa na makanisa, kampuni na watu wa mjini. Pale ambapo sheria inawabana ni kwenye bodi: theluthi moja ni viongozi waliochaguliwa na wananchi, isiyopungua theluthi moja ni wawakilishi waliochaguliwa na maskini wenyewe wa eneo lile, waliobaki hutoka kwenye biashara, dini, elimu na kadhalika. Hicho kipengele cha walengwa kiingizeni kwenye katiba yenu kama kilivyo. Bodi isiyo na mtu aliyewahi kupanga foleni ya msaada hupitisha masharti yasiyotekelezeka, kama kumtaka muuza mboga ahudhurie kikao saa nne asubuhi.

Mtu akifika mara ya kwanza hapewi kitu siku ileile, isipokuwa ana dharura: kakatiwa umeme au kapewa barua ya kutolewa kwenye nyumba. Wengine huja na vitambulisho vya wote wa nyumbani, hati za mshahara za mwezi uliopita, mkataba wa nyumba, na bili za umeme na gesi. Mshauri anajaza jedwali lenye safu za makazi, chakula, malezi ya watoto, usafiri, kazi, madeni na afya. Kila safu ina alama 1 hadi 5. 1 ni yuko hatarini, 5 anajimudu. Alama zenyewe siku ya kwanza si kitu. Kinachotafutwa ni safu ipi inaziangusha nyingine. Mama ana alama 1 kwenye kazi, ukichimba unakuta kazi anazipata ila hazidumu: ghala liko nje ya mji, zamu inaisha saa sita usiku, basi la mwisho limeshaondoka saa nne. Huyo ukimpeleka semina ya kuandika wasifu wa kazi umempotezea siku. Kisha yanaandikwa malengo, mawili tu kwa mara moja, kila moja na tarehe yake na jina la atakayelitekeleza. Ukikuta mpango una malengo saba, ujue umeandikwa kumridhisha mfadhili.

Sasa penye kiini. Huku msaada hauishi siku mtu anapopata kazi. Unaliwa kadiri mshahara unavyopanda, na kila msaada unalika kivyake. Mwenye vocha ya nyumba, ile wenyeji wanayoiita Section 8, hulipa kodi ya nyumba kama asilimia 30 ya kipato chake baada ya makato fulani, na inayobaki hulipiwa na serikali. Kwa hiyo katika kila dola mpya, senti 30 zinakwenda kwenye nyumba. Kadi ya chakula nayo inapungua: asilimia 20 ya mshahara husamehewa, kisha kila dola inayobaki hupunguza msaada kwa senti 30, ambayo kwa dola nzima ni senti 24. Makato ya uzeeni na bima ya matibabu ya uzeeni ni asilimia 7.65. Jumlisha kijuujuu: nyongeza ya dola moja, karibu senti 60 zimeshakwenda kabla hajapanda basi. Na hapo sijagusa ruzuku ya malezi ya watoto, ambayo katika baadhi ya majimbo haipungui taratibu bali inakatika. Ukivuka mpaka wa kipato kwa dola chache, bili nzima ya kulea mtoto ni yako. Ndiyo maana mtu anayekataa zamu ya ziada huwa namheshimu. Amepiga hesabu, tena kwa usahihi kuliko anayemwita mvivu.

Mpango unaolikabili jambo hili moja kwa moja unaitwa FSS (Family Self-Sufficiency, yaani kaya kujitegemea), uliwekwa kwa sheria ya mwaka 1990. Mamlaka ya nyumba ya mji ndiyo inayouendesha, na mashirika kama haya yetu yanatoa mafunzo na ushauri. Mkuu wa kaya anasaini mkataba wa miaka mitano. Siku ya kusaini, kipato na kodi yake vinaandikwa kuwa msingi. Tuseme mama anapata dola 1,000 kwa mwezi. Tuache makato ya watoto ili hesabu iwe nyepesi. Kodi yake ni dola 300. Akipata kazi bora na kufika dola 1,800, kodi inapanda hadi dola 540. Hilo haliepukiki, analipa. Lakini ile tofauti ya dola 240, mamlaka ya nyumba inaiweka kila mwezi kwenye akaunti ya amana yenye riba, kwa hesabu ya kaya ile. Mwaka mmoja ni dola 2,880. Akishikilia kazi miaka minne ni dola 11,520 bila kuhesabu riba, na fedha hizo hakuzidunduliza kwa kujinyima chakula. Ni zilezile ambazo zingemezwa na nyongeza ya kodi.

Ili akabidhiwe, kuna mambo mawili makubwa: mkuu wa kaya awe ana kazi, na siku ya kuhitimu pasiwe na mtu wa kaya ile anayepokea posho ya fedha taslimu ya ustawi. Kadi ya chakula na Medicaid, bima ya matibabu ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hazihesabiwi hapo, wala halazimiki kuiachia vocha. Watu wengi wanakataa kujiunga kwa kudhani watanyang'anywa nyumba mwishoni, na uvumi huo ndio unaotugharimu kuliko kitu kingine. Fedha akizipata hakuna wa kumpangia: atangulize malipo ya nyumba, anunue gari, alipe madeni, shauri yake. Katikati ya mkataba pia anaweza kuruhusiwa kuchukua sehemu, kama inahudumia lengo lililoandikwa, mfano ada ya chuo au kutengeneza gari la kwendea kazini.

Yanayoharibika ni haya. La kwanza ni wakati wa kujiunga. Mtu anapata kazi nzuri Machi, anasaini Juni. Msingi wake unaandikwa ukiwa tayari juu, na amana inabaki sifuri au karibu na sifuri kwa miaka. Mwenye akili anasaini akiwa bado hana kazi. La pili ni kuficha nyongeza ya mshahara. Anadhani anaokoa kodi, kumbe mamlaka ikigundua anadaiwa kodi ya nyuma, na deni hilo linaweza kukatwa kwenye amana yake mwenyewe. La tatu ni barua. Kila mwaka taarifa za kaya huhakikiwa upya, barua inakuja kwa Kiingereza kwenye anwani ya zamani, siku zinapita, mtu anaondolewa kwa kutojibu. Na akitolewa kwenye mkataba, amana anaipoteza. Kwa kanuni za mwaka 2022 inatumika kwa manufaa ya washiriki wengine. La nne halisemwi sana kwenye ripoti: washauri hawadumu. Mshahara wao ni mdogo, anaondoka mmoja, anakuja mwingine asiyejua hata watoto wako wangapi, na kaya inaanza kuhadithia upya.

Kazi yenyewe inatoka wapi? Wanaozungumza Kiswahili huku wengi ni Wakongo na Warundi waliopitia makambini. Wapo pia Wabantu wa Somalia ambao baadhi yao bado wanaongea Kizigua, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani huko kwetu karne ya 19. Mwambie baba mdogo wa Handeni, atafurahi. Wengi huanza kwa kubeba maboksi, kwa kuwa ghala linaajiri wiki hiyohiyo. Ubaya wake ni kwamba mshahara wa mwaka wa tano haupishani sana na wa kwanza. Ngazi ya kawaida ya kutokea hapo ni uuguzi msaidizi. Sheria ya serikali kuu inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, ndani yake saa 16 za vitendo, kisha mtihani wa maarifa na wa vitendo. Ada si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Kikwazo ni zile wiki ambazo mtu anasoma na halipwi. Shirika likilipa ada peke yake, darasa linaanza limejaa na kufikia wiki ya pili viti vimeanza kubaki wazi. Likilipa ada, sare, ada ya mtihani na malezi ya watoto kwa wiki hizo chache, wanamaliza. Bajeti ni kubwa zaidi kwa kila mtu, ndiyo, lakini mtu asiyemaliza ndiye wa gharama kubwa kupita wote.

Upande wa madeni utakufurahisha. Huku usipokuwa na rekodi ya kukopa na kulipa, hupangishiwi nyumba kirahisi, na gari unauziwa kwa riba ya kutisha. Rekodi hupewa alama kati ya 300 na 850. Asilimia 35 inatokana na kulipa kwa wakati, na asilimia 30 na kiasi unachodaiwa. Anayeanza hupelekwa kwenye kadi ya dhamana: anaweka mwenyewe dola 200 benki, anapewa kadi yenye kikomo hichohicho, ananunua vocha za simu na petroli kidogo, analipa yote kabla ya tarehe. Akiitumia kadi mpaka ukingoni alama zinashuka hata kama analipa. Lakini kuna njia ya pili. Shirika la Mission Asset Fund la San Francisco lilichukua upatu, huu wetu wa kina mama, likauandikia mkataba. Wanachama wanachanga kila mwezi, mmoja anachukua, na kila mchango unaripotiwa kwa kampuni za rekodi za mikopo kama mkopo usio na riba. Mwaka 2014 jimbo la California likautambua kisheria. Hawakugundua chochote kipya, wamekiwekea karani tu kile ambacho Korogwe mnafanya bila karani.

Kodi ya mapato nitaipitia haraka. Tangu 1975 serikali inawarudishia wafanyakazi wa kipato kidogo fedha kupitia hesabu ya kodi. Kwa mwaka wa kodi 2024, mwenye watoto wawili aliweza kupata hadi dola 6,960. Mashirika yanajaza fomu bure kwa watu wa kujitolea waliofaulu mtihani, na kila fomu inapitiwa na mtu wa pili kabla ya kutumwa. Fedha hizi kwa sheria hazitoki kabla ya katikati ya Februari, na ni hapo wajazaji wa mtaani wanapowavizia wenye shida: wanawatangulizia kidogo na kukata ada nono. Ujanja mzuri ni kuzigawa wakati wa kujaza, kwa kuwa fomu inaruhusu ziingie kwenye akaunti hadi tatu. Zikishaingia zote mahali pamoja, akiba haionekani tena.

Kwenu huko hakuna vocha za nyumba, kwa hiyo msinakili mpango, nakilini hesabu yake. Mwanachama anayesaidiwa ada ya mtoto kutoka mfuko wa jamii, biashara yake ikipanda msimwondoe muhula huohuo. Mwacheni aanze kuchangia sehemu ya ada, kisha sehemu hiyo iwekeni amana kwa jina lake, ifunguliwe baada ya miezi 12 kama bado anauza. Kipato hamtaweza kukipima, hakuna hati za mshahara sokoni, kwa hiyo pimeni kwa hisa anazonunua kila wiki: wastani wa wiki nane za kwanza ndio msingi. Andikeni msingi huo kwa wino kwenye kitabu chake na cha kikundi, wote wawili mkisaini. Amana isikae kwenye sanduku la hisa hata kama lina kufuli tatu na wenye funguo watatu. Ifunguliwe akaunti yake. Na kama mnaomba ule mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, msiuchanganye na amana kabisa. Ule ni mkopo, una marejesho, na mwezi mgumu ukifika mkono utakwenda kwenye fedha iliyo karibu.

Ibara ya bodi na ya mfuko wa jamii zipigie picha unitumie kabla hamjampelekea afisa maendeleo ya jamii. Nitaziandikia maoni pembeni Jumapili, siku ambayo sina zamu. Mnisalimie mama, shemeji na watoto, na wote wa kikundi.

Mdogo wako