Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kwetu.

Klabu ilianza na wanachama 7 chini ya mwembe. Leo tupo 41. Tumeshika nafasi ya pili kwenye maonyesho ya kata, na jina la shule likavuma. Pia tumeunda kielelezo cha tanga la jua, jambo ambalo shule za jirani hazijathubutu.

Mgeni Rasmi, sisi watoto wa pwani tanga tunalijua, ila hili halingoji upepo. Mwanga ukigonga kitu king'aavu hukisukuma. Chombo cha anga za juu cha Japani, IKAROS, kilichorushwa mwaka 2010, kilikuwa na tanga la mita 14 kwa 14, jembamba kuliko unywele. Jua lilikisukuma kwa nguvu iliyolingana na uzito wa punje tano hivi za mchele. Ni kidogo, lakini huko hakuna hewa ya kukizuia, na jua halidai mafuta.

Nasi tunataka kuupima msukumo huo kwa mikono yetu. Tatizo ni hewa: ikipata joto la taa husukuma karatasi kuliko mwanga wenyewe. Mrusi Lebedev, aliyechapisha vipimo vyake mwaka 1901, ilimbidi kwanza aiondoe. Pampu ya kuondoa hewa tunayo. Ina miaka mitatu ndani ya boksi, haijaunguruma hata siku moja, kwa sababu maabara haina umeme. Sola ya ofisini huchaji simu tu.

Nguzo ya mwisho iko hatua 180 kutoka dirisha la maabara. Mwaka juzi ombi hili lilisomwa hapa hapa, tukaambiwa ni suala la mwezi mmoja. Mwaka jana tuliahidiwa nguzo mbili. Tukapiga makofi, kesho yake tukachimba mashimo. Masika yakayajaza maji, mlinzi akayafunika mabati wadogo wasitumbukie. Wageni wetu wale tunawashukuru kwa nia yao njema.

Ombi letu ni moja: nguzo mbili, waya na mita. Mzazi mmoja, fundi umeme, amejitolea kufunga nyaya za ndani bure. Tunakuomba, kwa unyenyekevu, uitaje tarehe mbele ya wazazi hawa, na kabla ya chakula utembee nasi hatua hizo 180.

Tunaomba kuwasilisha.