Kikao cha Jumamosi kuhusu urea ya vidonge

Ndugu wanakikundi, habari za kazi.

Kikao chetu kitafanyika Jumamosi hii, saa 3:00 asubuhi, kwenye jaruba la majaribio wala si ghalani kama tulivyopanga awali, ili kila mmoja aione urea ya vidonge, yaani urea iliyoshindiliwa kuwa vidonge vya kufukia kwenye shamba la mpunga, ikitumika kabla ya kuamua kama tuitumie.

Nimezipokea hofu zenu. Wapo wasioamini mbolea inayowekwa mara moja tu kwa msimu, na wapo wanaoona kwamba kuinama na kufukia kidonge kimoja kimoja kutaongeza gharama ya vibarua. Hoja hii ya pili naiona nzito zaidi, kwa hiyo tutapima muda wa kazi hiyo hapo hapo shambani. Kwa upande mwingine, urea tunayoirusha juu ya maji hupoteza sehemu kubwa ya nitrojeni hewani, ilhali kidonge kilichofukiwa sentimita 7 hadi 10 kwenye tope, katikati ya mashina manne, huilisha mizizi polepole. Njia hii hudai mpunga uliopandikizwa kwa mistari.

Naomba:
1. Mje na kamba ya kupimia mistari.
2. Mliokwisha kuijaribu mtueleze mlichokiona, kizuri na kibaya.
3. Asiyeitaka aje pia, kwani sababu zake tunazihitaji.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi jioni, mkitaja jina na ukubwa wa jaruba mnalolima.

Asanteni sana.
Katibu