Barua kutoka Dalarna, Uswidi: kasha la Bibi lisiuzwe

Mama na Baba, shikamooni.

Natumai barua hii itawakuta wazima, na Bibi miguu imepungua kumuuma. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Theluji imekwisha hata vichakani, na mjukuu wenu anacheza nje mpaka usiku, maana jua la kiangazi huku linachelewa mno kuzama.

Nyumba imekwisha kupakwa rangi. Ni ndogo, ya magogo, vyumba viwili na jiko, ya aina waliyokuwa wakikaa vibarua wa mashamba zamani. Nje ni nyekundu iliyoiva, pembe na fremu za madirisha ni nyeupe. Baba atataka kujua rangi yenyewe inapatikanaje. Inatoka kwenye vifusi vya mgodi wa shaba wa Falun, mji ulio jirani yetu. Mgodi ule ulichimbwa karne na karne hadi ulipofungwa mwaka 1992, na mabaki yaliyotupwa, yenye kutu ya chuma, ndiyo yanayochomwa na kusagwa, kisha yakachemshwa pamoja na maji, unga wa nafaka iitwayo rai na mafuta ya mbegu za kitani. Haipakwi kwenye ubao uliopigwa randa. Inataka ubao wenye kukwaruza ili ishike. Na haiuzibi mti: ubao ukilowa unakauka wenyewe, hauozi upesi. Ukipita vijijini hapa Uswidi unakuta nyumba baada ya nyumba ni nyekundu, za matajiri na za maskini.

Mgodi sasa ni makumbusho, na mwaka 2001 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. Tulivalishwa makoti na kofia ngumu, tukateremka hadi mita 67 chini ya ardhi, kwenye baridi na matone. Pale juu kuna shimo kubwa lililofunguka mwaka 1687, mgodi ulipoporomoka wakati wa sikukuu ya katikati ya kiangazi. Wachimbaji walikuwa mapumzikoni, hakufa mtu. Niliposimama ukingoni nilibaki kusema Mungu mkubwa.

Lakini kwako, Mama, nataka nikusimulie Sundborn. Ni kijiji si mbali na Falun, na pale ipo nyumba ya mchoraji Carl Larsson na mkewe Karin. Baba yake Karin ndiye aliyewapa, mwaka 1888. Ilikuwa ndogo, wakawa wanaiongeza chumba baada ya chumba kadiri watoto walivyozaliwa. Karin naye alisomea uchoraji, na nyumba ile ndiyo aliyoimwagia ufundi wake: alifuma, alitarizi, alibuni viti na meza akampa seremala wa kijijini atengeneze. Samani za zamani hazikutupwa, zilipakwa rangi upya. Mume akachora picha za familia kwenye milango na kuta. Juu ya mlango wa kuingilia kuna maneno ya kumkaribisha mgeni kwa Carl Larsson na mkewe, na mimi nikakumbuka khanga yako ya "Mgeni njoo mwenyeji apone".

Nilisimama muda mrefu mbele ya pazia la mlangoni alilofuma Karin, lenye waridi. Hakuna dhahabu pale, wala kitu cha kuagizwa mbali. Ni uzi, rangi na mikono ya mama mwenye watoto wengi. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kuitazama kazi ile, na nikaiona sawasawa na ile unayoifanya wewe barazani unaposuka ukili, baada ya chakula cha mchana, bila mtu kukusifu.

Stockholm nako tulifika. Kule ipo Skansen, makumbusho ya wazi iliyoanzishwa na Artur Hazelius mwaka 1891. Aliona viwanda vinaenea na maisha ya vijijini yanapotea, akakusanya nyumba nzima nzima kutoka kila upande wa Uswidi, zikabomolewa na kusimamishwa tena juu ya kilima. Unaingia, unakuta moto unawaka na vyombo viko mahali pake. Wazo ni lile lile la Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, chenye nyumba za makabila yetu, na ninasikitika kwamba wengi wetu tunalijua jina la Makumbusho kama kituo cha daladala tu. Baba, mkienda Dar kwa Shangazi, wapelekeni wale wadogo wakaione msonge ya Wahaya.

Ndani ya nyumba yetu sasa kuna mkeka wako wa ukindu ukutani, upande wa kitandani. Madirishani nimeweka maua na taa, kama wanavyofanya majirani, kwa sababu mwezi wa kumi na mbili giza linaingia kabla ya saa tisa alasiri. Mjukuu wenu amechora samaki na jahazi kwenye mlango wa chumba chake. Nami najifunza kufuma mazulia ya matambara: nguo kuukuu zinachanwa vipande vyembamba, vinapitishwa kati ya nyuzi za mtande na kubanwa sawasawa. Wenyeji wanatumia mashuka na mashati yao. Mimi nataka langu liwe la khanga. Usizitoe zile zilizopauka na kuchanika; nikusanyie, hata za Bibi.

Na hapa ndipo penye ombi langu kubwa. Nimesikia kasha la Bibi lenye misumari ya shaba lina mnunuzi, ili fedha yake iongezee kwenye kabati la vioo. Nawaomba sana, lisiuzwe. Kabati nitalichangia mimi, Inshallah kabla ya Ramadhani. Kasha lipigwe vumbi, likae sebuleni mgeni alione, na mmoja wenu amkalishe Bibi aeleze lilifikaje kwetu na nani alilitumia kabla yake. Mrekodini kwenye simu.

Khanga mpeni mtoto wa jirani anayerudi huku mwezi wa nane. Nimekwisha kuzungumza naye na atapita kuzichukua. Nisalimieni Mjomba, Shangazi na wote wa mtaani. Bibi mwambieni namsubiri anijibu kwa sauti yake.

Ni mimi binti yenu,
Dalarna, Uswidi