Seva ndogo itangulie intaneti

Mhariri,

Elimu ya kidijitali katika nchi iliyoumizwa na vita isingoje minara ya simu ijengwe upya. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye kadi ya kumbukumbu ya GB 128 na programu ya masomo ya Kolibri huwa seva: hurusha Wi-Fi yake na kugawa masomo bila intaneti. Darasa likijaa, Wi-Fi hiyo huelemewa. Iunganishwe na ruta, kifaa cha kusambaza Wi-Fi.

Adui mkubwa ni umeme. Ukikatika ghafla kadi ikiwa inaandikwa, mafaili huharibika na seva hugoma kuwaka. Kompyuta hiyo hula takriban wati 6, yaani saa-wati 48 kwa saa 8. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 12 ina saa-wati 144, lakini isishushwe chini ya nusu: zinabaki 72, zinatosha. Ruta ikiongezwa, betri nayo iongezwe. Nakala ya kadi ihifadhiwe jengo jingine.

Tunawasihi wahisani: msigawe vishikwambi kabla walimu hawajafundishwa kuizima na kuirejesha seva. Na majina kamili ya watoto waliokimbia makwao yasiandikwe humo; tumieni namba, kwani kifaa kinaweza kuporwa.

Wakufunzi wa TEHAMA